Chura Mwenye Majina Matatu

Tulifungua sanduku la Bibi siku ya pili baada ya arobaini yake, mimi na shangazi yangu Salama, na kitu cha kwanza kutoka humo kilikuwa harufu ya sabuni. Si hizi za leo zenye marashi ya kudanganya. Ile ya zamani, ya mche, ya buluu, iliyokuwa inakatwa kwa uzi. Shangazi Salama alirudi nyuma hatua moja akasema, "Ayi! Zaina, hii inanuka vita." Mimi nilikaa palepale sakafuni, kanga ya Bibi mapajani, nikawa na miaka tisa.

Kwa walio rika langu sina haja ya kueleza sabuni ilikuwa nini miaka ile ya ambargo, ya vikwazo. Mipaka imefungwa, malori hayaji, na ukibahatika kupata mche mmoja unaufungia kabatini na ufunguo unauning'iniza shingoni. Bibi alifanya hivyo hasa. Kila Jumatatu alichukua uzi wa kushonea, akauzungusha kwenye mche, akavuta, kipande kikaanguka. Hicho ndicho cha wiki nzima, cha nyumba nzima, akitugawia kila mtu kidogo chake, pamoja na nguo za Baba ambaye alikuwa fundi wa magari na alirudi kila siku mweusi kwa oili kuanzia kope hadi kisigino.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi. Garaji ya Baba ilikuwa mbele, kwenye barabara, na nyuma yake ua wetu: vyumba vitatu, jiko la mkaa, na mpera mmoja uliopinda kuelekea paa. Chini ya tawi lake lililopinda kulikuwa na nusu pipa la kukinga maji ya mvua. Ukisimama juu ya jiwe la kufulia uliweza kuona milima iliyo juu ya mji. Mimi milima ile niliiogopa. Ndiko ilikotoka milio, bumu, bumu, na Bibi akisikia alisema tu "Ingieni ndani" kwa sauti ileile ya kutuitia chakula. Kwa akili yangu ya miaka tisa, mlima ulikuwa mahali ambapo bunduki zinaishi, kama ndagala wanavyoishi ziwani.

Tulikuwa pia na Issa. Issa alifika asubuhi moja akiwa na viatu tofauti miguuni na kitu kigumu kimefichwa ndani ya shati. Baba alizungumza naye dakika mbili, Bibi dakika moja. Kisha Bibi aliingia ndani, akatoka na kofia nyeupe ya marehemu babu, akamvalisha kwa mkono wake. "Mutu akiuliza, we ni Issa, mutoto wa dada yangu," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Na we Zaina, umesikia?" Nilisikia. Nilijua pia kwamba Bibi hakuwahi kuwa na dada. Lakini siku zile mtoto alijifunza mapema maswali ya kumeza, na majina ya kubadilisha yalikuwa kitu cha kawaida: watu walikuwa na jina la nyumbani na jina la bariyeri, pale vijana wanaposimamisha watu barabarani na kuuliza we ni nani, wa wapi, baba yako nani, na jibu baya linakuua.

Issa alipewa kazi ya kupangusa nati na skrubu kwa petroli. Jamani, hakuwa fundi! Alishika spana kama anashika nyoka. Ila alikuwa na tabia moja iliyowachekesha mafundi wote: kila alichokipangusa alikipanga. Skrubu za kichwa bapa mkebe huu, za kichwa duara mkebe ule, na ndani ya mkebe tena kwa urefu, tena kwa meno. Baba alilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa anaweka mkono kwenye mkebe bila kuangalia na kutoa alichokitaka. Maneno ya Issa yalikuwa machache. Salamu, asante, basi.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa inapika furaha. Shangazi Salama alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Kajaga, kule ufukweni, na wasichana wa mtaa tulikuwa tumefanya mazoezi ya dufu mwezi mzima. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye safu. Wa tatu! Mbele yangu wasichana wawili wakubwa tu, nyuma yangu wote waliobaki. Viganja vilikuwa vimeota sugu na nilivionyesha kwa kila aliyetaka na asiyetaka kuona.

Jumatatu ya wiki hiyo Bibi alifungua kabati na mche mpya wa sabuni, ule ambao haujakatwa, haukuwepo. Sabuni ya harusi! Aligeuza nyumba juu chini. Kisha akatoka uani, akainua macho, akaona. Kwenye tawi la mpera, juu kidogo ya pipa, lilining'inia povu. Povu jeupe, zito, kubwa kama ngumi mbili za mtu mzima.

"Zaina!"

"Labeka, Bibi."

"Sabuni yangu iko wapi?"

"Mi sijui, Bibi."

"Haujui. Na ile juu ya muti ni nini? Malaika wametema mate?"

Nilitazama povu, nami nikashangaa. Niliapa, wallahi, nikaapa tena, na kadiri nilivyoapa ndivyo Bibi alivyozidi kuamini kwamba ni mimi, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimewahi kuchezea povu kwa bua la papai, na ni kweli nilikuwa napanda mpera ule kila siku, na ni kweli mimi ndiye niliyemshikia ufunguo akienda kuoga. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema mbele ya wasichana wenzangu waliokuja kwa mazoezi: "Mutu muongo hashiki dufu kwangu. Siku utasema ukweli, ndiyo utarudi mu safu." Kisha akachukua dufu langu akalitundika ukutani, juu, pale nisipofika.

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Kukubali kosa kungekuwa rahisi: neno moja, na dufu lingeshuka. Lakini nilikuwa na kichwa kigumu, bado ninacho, na sikutaka kusema nimefanya nisichofanya. Basi nikaokota fimbo, nikapanda jiwe la kufulia nililiangushe lile povu baya lililoniharibia harusi.

"Attention! Usiguse!"

Ilikuwa sauti ya Issa, sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake, sauti inayofika mpaka benchi la mwisho. Alikuja mbio akiwa bado na skrubu mkononi. Alisogeza uso kwenye povu hadi pua ikakaribia kugusa. Akalibonyeza kwa ncha ya kidole, polepole. Kwa juu lilikuwa limekauka kama ukoko wa uji. Akalifungua kidogo sana, akaniinua nione. Ndani kulikuwa na vitone vyeupe, vingi, vimetulia.

"Mayai," alisema. "Zaina, haya ni mayai ya chura."

"Chura anakaa majini."

"Huyu anakaa mutini. Ngoja."

Alikwenda chumbani kwake na kurudi na kile kitu kigumu alichokuja nacho ndani ya shati. Nilidhani ni pesa, au Biblia, au bunduki. Kilikuwa kitabu cha vyura! Mtu amekimbia nyumba yake mtaa wa Mutakura, kaacha kitanda, kaacha sufuria, kabeba vyura. Alifungua ukurasa mmoja bila kutafuta. Chura wa kijani alikuwa amekumbatia tawi, vidole vyake vina vifungo vya mviringo kwenye ncha, na karibu yake povu lilelile, limening'inia juu ya kijito.

"Huyu ni wa Asia, mbali sana," alinieleza. "Anaishi mu milima, kule juu kwenye ukungu na misitu. Anatafuta tawi lililo juu ya maji. Anatoa majimaji, anayapiga kwa miguu ya nyuma, pa pa pa, kama mama anapiga mayai ya chapati, mpaka yawe povu. Anataga ndani. Watoto wakianguliwa povu linalainika, wanaanguka majini. Voilà."

Niliutazama mlima uliochorwa kwenye kitabu kile. Ulikuwa na vijito na miti na vyura. Haukuwa na bunduki hata moja. Niligeuka nikatazama milima yetu juu ya paa, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kuna nani mwingine kule.

Akanionyesha jinsi chura anavyopangwa. Kwanza kundi kubwa la wasio na mkia. Ndani yake familia, jina refu la Rhacophoridae ambalo nililirudia mpaka nikalipata, na bado ninalo mpaka leo na halijawahi kunifaa popote. Ndani ya familia kuna jenasi, ndani ya jenasi spishi. Mikebe ndani ya mikebe! Nilielewa mara moja, si nilikuwa nimeona skrubu zake. Ila chini ya picha ya chura wa Asia kulikuwa na majina matatu, Hyla, Polypedates, Rhacophorus, na mawili ya kwanza yalikuwa yamefutwa kwa mstari wa kalamu.

"Mbona ana majina matatu?"

"Wataalamu walimuhamisha. Kwanza walimuweka hapa, wakaona si mahali pake, wakamupeleka pale, halafu pale. Kila mara jina linabadilika."

Nilimhurumia kwa moyo wote. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, kama Bibi alivyotufundisha kuuliza mambo hayo: "Alikuwa anapita bariyeri gani?"

Issa alinitazama. Kisha alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka, na alicheka kwa tumbo lote, akaegemea mpera, kofia ikaanguka. Aliendelea kucheka mpaka macho yakajaa, akafuta, yakajaa tena, na mimi nikajua kwamba hicho si kicheko tena. Alipotulia alisema tu, "Apana, Zaina. Yeye hakubadilika hata kidogo. Ni chura yuleyule." Mimi sikusadiki. Nikampa chura wetu jina la usalama, Hamisi, ili mtu akiuliza niwe na jibu.

Siku nne tulikuwa walinzi wa Hamisi. Au tuseme Bi Hamisi, maana Issa aliniambia aliyetaga ni mama, lakini jina lilikuwa limeshakaa. Tulimwona Jumatano asubuhi, baada ya Bibi kumaliza swala ya alfajiri, amejibandika kwenye gome, wa kijivu, huwezi kumtofautisha na mti mpaka apepese jicho. Mchana, jua lilipopanda, alikuwa mweupe kama chaki. Issa alikaribia kuruka. Alinionyesha vidole vya mbele: viwili huku, viwili kule, vinabana kijiti kama koleo la Baba. Alimchora kwenye karatasi ya daftari kwa penseli ya garaji. Alisema kwenye kitabu, ramani ya ndugu zake wa Afrika haikupakwa rangi mahali petu. "Kitabu hakijui kama yuko Buyenzi," alisema, na alifurahi kama mtu aliyepata barua.

Basi nikamwambia: mwambie Bibi, mimi haniamini.

Furaha ikamtoka usoni. "Siwezi, Zaina."

"Kwa nini? We unajua yote!"

"Issa hajui vyura," alisema. "Issa anapangusa skrubu. Jumamosi watu watatoka kila mahali. Nikianza kuongea, watajua mi ni nani."

Nilimchukia siku nzima ile. Nilikuwa mtoto, nilitaka dufu langu. Alichokuwa anakiogopa nilikijua kwa jina tu. Nilichokuwa nacho kilikuwa tawi, povu na pipa: wale watoto wakianguka majini mbele ya Bibi, basi ataona mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Ua ulijaa wanawake, masufuria ya pilau, moshi, vitunguu, samaki wa mikeke wa kukaanga. Upande wa bwana harusi walikuja kutoka Kajaga na vifijo, mbele yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita mitumbwi, ambaye sisi watoto tulimpa jina la Mama Kajaga papo hapo. Wenzangu walikuwa wanapasha dufu moto karibu na jiko ili ngozi ivutike. Mimi nilikaa chini ya mpera, na gauni jipya, bila dufu.

Ndipo Bibi alipohitaji chombo cha kuoshea sahani. "Hilo pipa, mwageni maji, leteni huku."

Nililikumbatia pipa. Si maneno tu, nililikumbatia kwa mikono na miguu, maji yakanilowanisha kifua. "Apana, Bibi! Watoto wataanguka chini! Watakufa!"

"Watoto gani? Zaina, unaniaibisha mbele ya wageni. Toka!"

"Si sabuni, Bibi, ni mayai! Wallahi!"

Bibi aliinua mkono. Wanawake wakageuka wote, unajua wageni wanavyosikiliza fedheha ya nyumba. Na hapo, kutoka mlango wa garaji ambako wanaume walikuwa wamekaa, akaingia Issa. Alitembea katikati ya wanawake wote, kofia kichwani. Alisimama kati ya mkono wa Bibi na mimi.

"Bibi, mutoto hasemi uongo," alisema. "Mimi nimeona."

Akaeleza. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, kisha ikapanda, ikawa ile ya benchi la mwisho. Akaeleza familia na jenasi, na jamaa zao kule milima ya Asia, na povu, na kwa nini juu ya maji. Alisahau yuko wapi. Akamwonyesha kidole mpishi wa pilau: "We, mama, umeelewa?" Mpishi akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," bila kufikiri, kijiko kikiwa hewani.

Hapo akajisikia mwenyewe. Akakatisha neno, mkono ukaenda kwenye kofia.

Mama Kajaga alikunja mikono kifuani. "Na huyu ni nani?"

"Issa," alisema Bibi haraka. "Mutoto wa dada yangu."

Tone. Kitu kilianguka kwenye pipa, mbele ya pua yangu. Halafu kingine. Povu lilikuwa limelainika kwa chini, na kutoka humo vilikuwa vinateremka viluwiluwi, vidogo, vinajikunja, tip, tip, tip, na vikigusa maji vinaogelea. "Wanazaliwa!" nilipiga kelele. "Bibi, wanazaliwa!"

Wanawake wote wakaja. Mashallah zilivyotoka! Waliinama juu ya pipa na mikufu yao na hina yao, wakasukumana. Bibi aliinama kuliko wote. Alitazama muda mrefu, na mkono ule alioniinulia akauweka kinywani.

Mama Kajaga alinyoosha mgongo, akamgeukia tena Issa. "Issa gani anaongea kama kitabu?" alisema. "Tena kofia umeivaa ndani nje, baba. Tangu nifike naiangalia ile mishono." Akamsogelea, akamvua ile kofia, akaigeuza, akamvalisha upya na kuinyoosha. "Usiogope hivyo. Kwetu Kajaga tuko na akina Issa wawili kama we. Mumoja alikuwa padri. Anatushonea nyavu, anashona vibaya!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Ikawa kila mtu ana la kusema: kwamba walijua tangu siku ya kwanza, kwamba fundi gani anapanga skrubu kwa urefu, kwamba mtaa mzima ulikuwa unamwita Mwalimu akishapita. Mwalimu alisimama katikati akilia na kucheka, na mpishi wa pilau akampa sahani ya kwanza kabla ya wakwe.

Bibi hakuniomba radhi. Hakuwa mtu wa hivyo. Aliingia ndani, akapanda kiti, akashusha dufu, akalipasha moto mwenyewe, akanisukumia kifuani. "Unangoja nini? Wa tatu!" Nilipiga siku ile mpaka viganja vikatoa maji. Sahani zilioshwa kwenye karai la jirani.

Mwalimu alikaa nasi mpaka barabara zilipofunguka. Jioni alitufundisha garajini, mbele ya mikebe yake, na alipoondoka kurejea kazini aliondoka na jina lake na kitabu chake, na kofia akaomba aende nayo.

Sasa rudi sandukuni. Harufu ilitoka kwenye kifurushi kilichofungwa kwa uzi wa kushonea, chini kabisa, chini ya sanda aliyojiwekea na haikutumika. Nilifungua. Mche wa sabuni ya buluu, mzima, haujakatwa hata mara moja. Mche wa harusi. Na karatasi iliyoufunga ilikuwa ya daftari, na kwenye karatasi, kwa penseli ya garaji, alikuwepo Hamisi, vidole viwili huku, viwili kule.

Shangazi Salama aliichukua, akaigeuza. "Huu muchoro si Mwalimu alimupa Bibi baada ya harusi yangu?"

"Baada. Wiki iliyofuata. Nilikuwepo."

Basi mche ule ulifungwa baada ya harusi. Bibi aliuficha mche mwenyewe, akasahau alikouficha. Akaupata wakati dufu limeshapigwa na mambo yamekwisha, na mdomo ukakataa kusema. Akaufunga kwa mchoro wa chura na kuurudisha gizani, na katika taabu yote iliyofuata, siku tulizofua kwa majivu, hakuugusa. Nilikumbuka jinsi tangu mwaka ule, kila mvua zikianza, alivyotoka mwenyewe na kulisogeza pipa mpaka likae sawa chini ya tawi, na hakumruhusu mtu kuoshea chochote ndani yake. Nilikumbuka Jumatatu zote ambazo kipande changu cha sabuni kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine. Nilidhani ni kwa sababu nimekua. Nilicheka pale sakafuni mpaka Salama akaogopa, kisha nikalia, kisha tukacheka wote wawili.

Nilichukua uzi uleule, nikauzungusha kwenye mche, nikavuta. Kipande kikaanguka, kigumu lakini kizima. Nilikwenda nacho bombani kunawa, mbali na pipa, maana hata sasa Bibi angenifinya. Kilitoa povu jingi.